Chai ya Mama Riziki na Kitone Nyuma ya Tumbo

Je, nilichokiona kilikuwa kitu au kivuli?

Swali lenyewe ni hilo tu, wanangu. Ninyi mnaojifunza ekografi, yaani ultrasaundi, kwenye mashine zenye rangi, zinazowaonyesha damu ikikimbia nyekundu na buluu, mtaliona dogo. Lakini liliniweka macho usiku kucha, miaka ile ya vita, wakati ambapo Uvira nzima haikulala kwa sababu nyingine. Majirani zangu wa mtaa wa Rugenge walijilaza sakafuni wakisikiliza milio ya milimani na kubishana kama ni karibu au mbali. Mimi nilijilaza kati yao nikifikiria kongosho la mke wa mtu.

Kilikuwa kitone cheusi, cha mviringo, kama punje ya harage. Kikiwa kitu, mama huyo angevushwa mpaka akapasuliwe. Kikiwa kivuli, angepasuliwa bure. Nami nikinyamaza, jamaa zake wangemwingiza kwenye mfungo mkavu, bila chakula wala maji, na nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu njaa ya asubuhi moja ilivyomfanya.

Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya kutoka Bukavu, na tabia ya kufikiria jambo mpaka linachakaa. Nikishafunga mlango wa chumba cha ekografi, nilirudi kuujaribu, nikaenda hatua chache, nikarudi tena. Mlinzi wa hospitali alizoea. "Mademoiselle," aliniambia, "hata mwizi atachoka kukungojea."

Aliyenifundisha kazi ni Papa Lwaboshi, mzee wa radiolojia tangu enzi za kutumbukiza picha kwenye ndoo za dawa gizani. Nilipofika, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ila mikono yake ilikuwa bado inaona. Alikunywa chai tamu ajabu. Watu walisema hanywi chai, anakunywa sukari iliyopakwa rangi. Aliibeba kwenye termosi yake ya kijani, na vita au amani, termosi ile haikukauka.

Kabla sijawaambia habari ya Mama Riziki, acheni niwaambie tulivyofanya kazi, maana bila hayo hamtanielewa. Jeli ya kupaka tumboni ilikuwa imekwisha. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa, na iliyokuwapo tuliimaliza kwa kijiko. Tukapika yetu: unga wa muhogo, maji, chumvi kidogo, tukakoroga mpaka ikawa laini na nzito, tukaipoza. Bugali bwa mashini, ugali wa mashine, ndivyo wagonjwa walivyoiita. Ilifanya kazi vizuri sana, ila ulipaswa kuipika kila asubuhi, vinginevyo jioni ilichacha na nzi wakakusaidia kumpima mgonjwa.

Siku moja aliletwa mpiganaji kijana kutoka milimani, mwenye maumivu ya tumbo. Alikuwa amepewa dawa za kinga ya vita na masharti yake, na sharti moja lilikuwa asile chochote cha muhogo. Akalikodolea macho bakuli langu.

"Hii ni nini?"

"Unga wa muhogo, kaka."

"Minye banakataza muhogo!"

Papa Lwaboshi akainua kichwa. "Banakukataza kukula. Weye tumbo yako iko na meno inje?"

Yule kijana akawaza. Nami nikawaza pamoja naye, kwa sababu kwa kweli lilikuwa jambo la kuwaza. Ngozi inakula au haili? Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba nimfute haraka. Nilipokuwa napima akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dawa yangu iko inaonekana humo?" Nikamjibu kweli: naona ini, naona nyongo, naona hewa ya maharage ya jana. Alisikitika mpaka nikamhurumia.

Hewa, wanangu. Hewa ndiyo adui yetu. Sauti ya mashine hupita kwenye maji na nyama, lakini ikikuta hewa inarudi, na kioo kinajaa theluji. Na kongosho ni kiungo chenye haya. Limejilaza nyuma ya tumbo la chakula kama samaki mukeke aliyejificha nyuma ya jiwe, na tumbo hilo karibu kila mara lina hewa. Ndiyo maana tunamwambia mgonjwa aje na njaa. Akiwa bado haonekani vizuri, tunamnywesha maji, tumbo linajaa, hewa inapanda juu, na sisi tunachungulia kupitia maji kama kupitia dirisha. Papa Lwaboshi alinifundisha kuyaacha maji yatulie kwanza, maana maji yaliyomiminwa sasa hivi yana mapovu. Na mgonjwa anywe polepole. Anayegugumia anameza hewa pia, na kazi yako yote inaharibika.

"Halafu usitafute kongosho," alisema. "Tafuta ule mushipa mukubwa unatoka ku wengu, unapita nyuma yake. Tafuta muto Ruzizi kwanza. Mashamba utaona yenyewe."

Mpaka leo nikifumba macho ninauona mto ule mweusi ukipita kwenye nchi ya kijivu.

Basi, Mama Riziki. Alikuwa mkulima wa bondeni, upande wa Kiliba, kwenye miwa. Tangu alipozaa mtoto wake wa pili aliamka kila siku na hamu ya muwa, akautafuna tangu alfajiri mpaka jua linapopanda, shambani, njiani, hata kwenye ibada. Wenzake walimtania kwamba meno yake yatabaki kule kule. Vita vikawafukuza. Wakaja Rugenge, yeye na mumewe na watoto, kwenye nyumba ya mama mkwe wake, ambako wakimbizi walikuwa wengi na chungu kilipikwa jioni tu. Muwa haukuwapo. Na hapo ndipo asubuhi zake zilipoharibika.

Alikuwa anaamka vizuri, anafagia, kisha anaanza kuzungumza na watu wasiokuwapo. Siku moja alimwaga maji juu ya moto akisema anamwagilia mchele. Siku nyingine walimkuta anaelekea ziwani na kitenge kimoja tu, jasho linamtiririka, anamwita mumewe kwa jina la kaka yake marehemu. Jioni akishakula alikuwa mzima, anaona haya, anauliza alifanya nini. Majirani wakaliita pepo la asubuhi.

Mama mkwe wake tulimwita Bibi Elizabeti. Aliongoza kikundi cha wanamaombi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja. Msimdhanie vibaya. Alikuwa ameficha familia nyingi chini ya bati lake wakati wengine walifunga milango, na mkwe wake alimpenda kama binti wa tumbo lake. Kwa sababu hiyohiyo alikuwa amekwisha kuamua: kikundi kitamwingiza Mama Riziki kwenye chumba cha maombi, afunge siku tatu kavu mpaka pepo limwache. Alikubali tu kwamba hospitali imtazame kwanza.

Nami nikamwambia Mama Riziki nilichomwambia kila mtu: uje asubuhi bila kula.

Akaja. Akalala mezani, nikampaka ile jeli yetu, nikaweka sonde, yaani kile kifaa cha mkononi, juu ya tumbo lake. Alikuwa anajibu vizuri. Kisha akaanza kucheka. Akaimba wimbo wa arusi, akaniita Nabintu, jina lisilo langu, akauliza kwa nini nimemmwagia uji. Macho yake yalikuwa wazi lakini hakuwa ndani yake. Nikamshika mkono, nikaona umelowa jasho la baridi, unatetemeka.

"Munaona!" Bibi Elizabeti akaruka mlangoni. "Pepo inakataa mashini! Batu ya Mungu, munaona!"

Mumewe, mtu mpole aliyekuwa na mazoea ya kushika kofia yake kwa mikono miwili, akabaki anasema tu, "Mama Riziki, ni minye. Ni minye, Mama Riziki."

Papa Lwaboshi hakufikiria ugonjwa wowote. Alifikiria kwamba mtu anayetetemeka apewe kitu cha moto. Akamimina chai kwenye kifuniko cha termosi, tukamwinua, tukamnywesha kidogo kidogo, nyingine ikimwagikia kifuani. Tukangoja. Wimbo wa arusi ukapungua, ukakatika katikati ya neno. Mama Riziki akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kwenye lori mahali asipopajua.

"Nani amenipaka bugali?" akauliza.

Mumewe akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama ile termosi.

Nikamkimbilia daktari wetu, Dokta Simeoni, ambaye siku hizo alikuwa anashona majeruhi tangu asubuhi hadi asubuhi. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kesho yake alimpima Mama Riziki sukari ya damu kabla hajala, akiwa ameanza kupotea, na ilikuwa chini sana. Akampa sukari, mama akarudiwa na akili. Akampima tena, ikawa imepanda.

"Kuna uvimbe mmoja adimu," akaniambia. "Nilifundishwa shuleni, sijawahi kuuona. Unaota kwenye kongosho, mdogo tu, na unatoa bila kipimo ile dawa ya mwili inayoshusha sukari. Mwenye nao akikaa na njaa anapotea. Akikaa na njaa sana, harudi. Kule ng'ambo, Burundi, yuko mpasuaji anayeweza kuutoa. Lakini hatamfungua mtu kwa hadithi ya chai. Atataka kujua uko wapi." Akanitazama. "Mwenye kuutafuta ni weye."

Mnauona mtego? Ili nione kongosho, mgonjwa awe na njaa. Na huyu hawezi kukaa na njaa. Nilitembea na jambo hilo siku nzima, nikalipindua kama chapati. Kwa mara ya kwanza tabia yangu ya kuwaza sana ilinifaa. Kinachonisaidia si njaa, nikajiambia, ni maji bila hewa. Nani alisema maji yawe matupu?

Nikapika chai ya rangi, nikaitia sukari kama ya Papa Lwaboshi, nikaiacha ipoe na kutulia mpaka haina povu hata moja. Nikamketisha Mama Riziki badala ya kumlaza. Akanywa polepole.

"Munganga, hii ni ugonjwa ao ni sikukuu?" akaniuliza.

Mashine yetu iliwashwa pale tu jenereta ilipowashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji, maana mazutu, mafuta yake, yalikuwa ya shida. Jenereta ikanguruma. Kioo kikapata mwanga. Na kisha, wanangu, sijui niseme vipi. Tumbo lake lilijaa taratibu, likawa ziwa dogo jeusi lililotulia. Na ng'ambo ya ziwa hilo, kama milima ya Burundi tunavyoiona asubuhi kabla ukungu haujaondoka, kongosho likajitokeza, refu, la kijivu, zima. Nilikuwa sijawahi kuliona lote namna hiyo. Nilisahau vita. Nilisahau kwamba nina miguu. Nikaufuata mto wake kutoka kushoto, na karibu na mkia, pale ambapo kila kitu kilikuwa kijivu, kilikuwapo kitone cheusi.

Nikageuza sonde. Mshipa ukiugeuzia sonde unarefuka. Kitone kilibaki mviringo. Nikangoja kama kitacheza kama utumbo unavyocheza. Hakikucheza. Mama Riziki akavuta pumzi, kikashuka pamoja na kongosho, akaitoa, kikapanda. Kisha jenereta ikazimwa, maana mgonjwa wa upasuaji alikuwa amekwisha kushonwa, au amekwisha kufa, sikumbuki. Kioo kikawa kioo tu.

Ndiyo sababu nilikosa usingizi. Nilikuwa nimekiona mara moja, kama ndoto unayoishika mkia wakati wa kuamka. Labda lilikuwa tezi. Labda lilikuwa tumaini langu, kwa sababu nilitaka sana kiwepo. Nikamwomba Papa Lwaboshi atazame na yeye, jenereta itakapowashwa tena.

"Macho yangu iko na ukungu," akasema. "Nitaona mawingu na nitakudanganya kwa heshima."

"Sasa nikikosea, Papa?"

"Utakosea. Minye nilikosea mingi. Lakini sema kitu, mutoto yangu. Picha bila muntu wa kuisema ni ukuta."

Asubuhi iliyofuata wanamaombi walikuja kumchukua. Walisimama uani, wanawake waliovaa vitambaa vyeupe kichwani, wakiimba kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue majeruhi waliolazwa barazani. Wimbo ule ulikuwa mzuri, nao ulinitia hofu kuliko risasi. Mama Riziki alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkoba wake mapajani, ametulia kama mtu anayengoja gari. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amechoka kuwa mzigo.

Dokta Simeoni akatoka akiwa na aproni yake yenye damu. Bibi Elizabeti akamwambia kwa heshima, "Docteur, tunashukuru. Sasa tunaenda naye mu maombi." Daktari akanigeukia mimi, mbele ya watu wote. "Uliona ao haukuona?"

Jua lilikuwa juu ya ziwa, nyuma ya vile vitambaa. Nikasikia sauti yangu.

"Niliona. Asifunge, Bibi. Akifunga atakufa."

Wimbo ukakatika. Bibi Elizabeti akanisogelea mpaka nikaona mikunjo ya macho yake. "Weye mutoto," akasema polepole, "uko unasema Mungu hataki tufunge?"

"Sijui Mungu anataka nini, Bibi. Najua kitu kiko ndani ya mwili wake, kinamaliza sukari yake. Chai inamrudisha. Ulimwona mwenyewe."

"Onyesha."

Jenereta ilikuwa inanguruma, maana walikuwa wameleta majeruhi wengine. Tukaingia. Mama Riziki akanywa chai. Nikaweka sonde, na sikuona kitu. Theluji tupu. Bibi alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, nasikia pumzi yake. Nikamgeuza mgonjwa ubavu wa kulia kidogo, nikangoja hewa ipande, nikabonyeza taratibu kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Vuta pumzi, mama. Shikilia. Ziwa dogo likafunguka. Mto. Nikaufuata. Kikawapo, palepale, cheusi, kimetulia.

"Njo hiyo?" Bibi akanong'ona.

"Ndiyo hiyo."

Akatazama kwa muda mrefu. "Mbona inatulia hivi? Pepo haituliake."

Akavua kitambaa chake, akajifuta uso, akatoka nje. Nilimsikia akiwaambia wenzake kwa ile sauti ya kujaza uwanja: "Mufungo iko palepale. Lakini tutafunga sisi. Yeye akule. Na musiache kikombe yake ikauke." Na wakafunga kweli, wanawake wale, zamu kwa zamu, huku wakimletea Mama Riziki uji wa sukari kitandani. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anawadharau wanamaombi, namwomba anyamaze.

Ikabaki kumvusha. Mpaka wa Kavimvira ulifunguliwa saa chache, siku nyingine haukufunguliwa kabisa, na barabara ya mbele yake iliogopwa. Mumewe, kofia mikononi, akaniuliza, "Kule batamujua nani? Nani atabaonyesha kile kitone?" Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba kazi yangu imekwisha. Nilikuwa na sababu nyingi, nimezipanga vizuri. Nilifungua mdomo, nikasema, "Naenda naye."

Mengi ya safari ile ananikumbusha Mama Riziki mwenyewe, ambaye leo ana wajukuu na huisimulia vizuri kuliko mimi. Anasema nilitetemeka kuliko yeye, mpaka askari wa mpakani akauliza mgonjwa ni yupi. Anasema kila tulipokaribia kizuizi nilimnywesha, hata akaniomba nimhurumie kibofu. Mimi nakumbuka tu ziwa upande wetu wa kulia, jeupe kama maziwa, likitusindikiza.

Mpasuaji wa ng'ambo alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Alitukaribisha, akatupa mashine yao, mpya kuliko yetu. Nikaomba chai iliyotulia. Wauguzi wakatazamana. Mama Riziki akanywa. Nikatafuta mto, nikaufuata mpaka karibu na mkia, nikasimamisha picha.

Yule daktari akainama. "Naona kitu, na pia sikioni," akasema. "Huenda ni tezi. Nikimfungua na nisikute, nitakuwa nimemuumiza bure, na njia ya kurudi kwenu mnaijua. Wewe ndiye umemtazama mara nyingi. Una hakika?"

Sikuwa nayo. Nawaambia kweli, wanangu, sikuwa nayo wakati ule, na katika miaka yote niliyoshika sonde baadaye haikunijia hata siku moja nzima, ile hakika watu wanayoisema. Nilitazama kioo. Nikamtazama Mama Riziki, ambaye alikuwa ananitazama mimi, hakutazama kioo.

Nikaweka kidole changu juu ya kitone.

"Hapa," nikasema. "Mfungue."